Hifadhi ya Saguaro, Arizona: lipa dola 25, halafu ushuke garini

Kiingilio cha Hifadhi ya Taifa ya Saguaro ni dola 25 kwa gari, hata mkijazana watano ndani, na tiketi hiyo inatumika siku saba katika pande zote mbili za hifadhi. Anayeingia kwa miguu au kwa baiskeli hulipa 15. Naanza na bei kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na Wakenya na Wakongomani wenzangu hapa Tucson kila ninapowaambia waende. Jibu langu ni kwamba pesa hiyo ni halali yao kabisa, mradi wewe usikae garini.

Wengi huingia, wakazunguka barabara ya vumbi ya upande wa magharibi kwa nusu saa, wakapiga picha na saguaro, kaktasi ndefu ya jangwa hili, yenye mikono miwili, wakarudi mjini wakisema jangwa ni jangwa tu. Kutoka dirishani, kweli, saguaro zote zinafanana. Ukishuka ukatembea dakika kumi, unaanza kuona kuwa hakuna mbili zilizo sawa, kwamba chini ya kila mti mdogo kuna kitu kinachokua kwa kujificha, na kwamba yale mashimo ya kwenye shina yana wenyewe. Mimi natunza wazee kwa zamu za usiku, na mapumziko yangu ya miezi ya baridi naishia kwenye njia hizi. Naipenda hifadhi hii na ningetaka watu wetu waijue vizuri.

Ielewe ramani kwanza. Hifadhi imegawanyika mara mbili na mji wa Tucson umekaa katikati. Magharibi ni milima ya Tucson, mifupi, yenye mawe makali, na huko ndiko saguaro zilikosongamana zaidi. Mashariki ni milima ya Rincon, inayopanda mpaka kwenye misitu ya misonobari. Kilele cha Mica kina mita 2,641. Upande wa mashariki ulitengwa na Rais Herbert Hoover mwaka 1933, wa magharibi ukaongezwa na Kennedy mwaka 1961, na mwaka 1994 zote mbili zikawa hifadhi ya taifa. Kutoka huku hadi kule unakatiza mji mzima, kwa hiyo usipange zote kwa asubuhi moja. Ukiwa na siku moja tu, nenda magharibi.

Njia ninayoipigia debe ni King Canyon, ile inayopanda mpaka kilele cha Wasson. Kilele hicho ndicho kirefu kuliko vyote kwenye milima ya Tucson, mita 1,429, na kwenda na kurudi ni kama kilomita 11. Mtu anayetembea kwa kawaida atumie saa nne mpaka tano. Mwanzo wa njia uko kando ya barabara ya Kinney, karibu kabisa na jumba la makumbusho la Arizona-Sonora Desert Museum. Maegesho ni madogo, na wikendi za Januari na Februari hujaa mapema, basi fika alfajiri. Alfajiri yenyewe ni baridi. Vaa sweta, utalivua baada ya nusu saa.

Sehemu ya kwanza ni barabara ya zamani ya wachimba migodi, mawe matupu, inayopanda taratibu. Si nzuri kwa mguu. Ukivaa raba zenye soli nyembamba, kila jiwe utalihisi, na wanaoteguka wengi hutegukia hapa wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka. Lakini upande wako wa chini kuna korongo, mto wa mchanga kama ile ya kwetu Makueni, na ukifika kwenye meza za kupumzikia za Mam-A-Gah unaweza kuteremka uingie ndani yake. Meza hizo zilijengwa na vijana wa CCC, mradi wa serikali wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira miaka ya 1930, na bado ziko imara. Ndani ya korongo, juu ya miamba, kuna michoro iliyogongwa kwa jiwe na Wahohokam, watu walioishi na kulima bonde hili kabla Mzungu hajafika: miviringo, wanyama, alama ambazo kila mtu huzisoma anavyoona. Tazama, piga picha, usiguse. Mafuta ya vidole yanaharibu jiwe. Na kama kuna wingu zito juu ya milima, usiingie korongoni kabisa. Maji hushuka kwa ghafla kutoka mahali ambapo wewe huoni hata tone.

Baada ya Mam-A-Gah ndipo mlima unapoanza kukudai. Njia inajipinda huku na huku, na sasa saguaro ziko usawa wa macho yako kwa sababu nyingine zimeota kwenye mteremko wa chini. Simama hapo. Usingoje kilele.

Angalia shina kwa karibu. Lina mikunjo ya wima kutoka chini hadi juu, kama marinda ya sketi ya shule, na miiba imepangwa kwenye kingo za mikunjo hiyo. Mvua ikinyesha, mizizi ambayo imetambaa juujuu tu ya ardhi hunyonya maji, na mikunjo hufunguka shina likanenepa. Ukame ukizidi, hujifunga tena. Saguaro kubwa iliyoshiba maji ina uzito wa tani kadhaa, na yote hiyo imebebwa na mbavu za mbao zilizo ndani. Utaziona mbavu hizo pale njiani ambapo saguaro moja ilikufa ikasimama: nyama imeoza na kudondoka, zimebaki fito ndefu za kijivu, nyepesi na ngumu. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili mpaka leo, hufunga fito hizo pamoja wakapata upondo mrefu wa kuangulia matunda ya saguaro mwezi Juni. Matunda yana nyama nyekundu na mbegu ndogo nyeusi, huchemshwa yakawa shira, na sehemu ya shira huchachushwa kuwa mvinyo wa sherehe ya kuomba mvua. Kwao saguaro ni watu. Nilipolijua hilo sikuweza tena kutembea hapa huku nikipiga kelele.

Kuhusu umri, hapa ndipo watu huduwaa. Mche wa saguaro wa miaka minane unaweza kuwa na urefu wa sentimita tatu au nne tu. Mkono wa kwanza huchipuka ikiwa na miaka 50 mpaka 75, na sehemu kavu zaidi huchelewa hata kufika 100. Zinaweza kuishi miaka 150 hadi 200. Ile unayoegemeza begi lako karibu nayo ili upigwe picha ilikuwepo kabla reli haijatoka Mombasa.

Na haikukua peke yake. Tafuta chini ya saguaro changa utakuta mti mwingine: palo verde, ambao hata gome lake ni kijani, au mesquite, ndugu wa damu wa mathenge inayowasumbua watu wa Baringo. Mti huo humpa mche kivuli wakati wa jua kali na humkinga na baridi ya usiku. Miaka inavyopita saguaro humpita mlezi wake kimo, ikashindana naye kwa maji, na mara nyingi utaona mlezi ameshakauka pembeni.

Mashimo ya kwenye shina huchimbwa na vigogota. Saguaro hujitibu kwa kutengeneza gamba gumu kuzunguka shimo, na kigogota akihama, bundi mdogo kabisa, wa kutosha kwenye kiganja, huingia akalea watoto wake humo. Maua hufunguka usiku, kuanzia mwisho wa Aprili, meupe, na kufikia mchana wa siku inayofuata yameshafunga. Popo, nyuki na njiwa ndio wanaoyachavusha. Shida ya kwenda kuyaona ni kwamba joto limeshaanza.

Kilele chenyewe ni mawe na nyasi, na saguaro huko zimebaki chache. Mashariki unauona mji wote na milima ya Santa Catalina nyuma yake. Magharibi kuna bonde pana, na mbali zaidi Kitt Peak, yenye kuba nyeupe za darubini za wataalamu wa nyota. Siku isiyo na vumbi utaona kidole cha jiwe kimesimama peke yake upande wa kusini magharibi. Huo ni Baboquivari, mlima mtakatifu wa Watohono O'odham. Kuna upepo, kaa upande uliokingwa, kula. Mimi hubeba mayai ya kuchemsha, ndizi na chapati zilizokunjwa na njugu za kusaga, na chumvi kidogo kwa ajili ya jasho.

Sasa maji. Njiani hakuna bomba, hakuna kisima, hakuna duka, na kivuli ni cha kutafuta. Jaza chupa zako Red Hills, kwenye kituo cha wageni, au utoke nayo nyumbani. Wahifadhi hushauri karibu lita nne kwa mtu kwa siku, na sheria yao nyingine ninaiona ya maana kuliko zote: nusu ya maji yako ikiisha, geuka, hata kama kilele unakiona. Hewa hapa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujalihisi, kwa hiyo usingoje kiu. Kwa watu wetu nasisitiza hili kwa sababu nimesikia wengi wakisema, "Mimi nimezaliwa kwenye jua." Jua la kwetu lina mwembe. Kuanzia Mei mpaka Septemba joto hupita digrii 38 siku nyingi, na Julai na Agosti huja dhoruba za mchana zenye radi. Miezi hiyo usipande Wasson. Novemba hadi Machi ndiyo wakati wake.

Kitu kingine usichokiacha nyumbani ni kichana. Cha kawaida, cha plastiki, chenye meno mapana. Kuna kaktasi inaitwa cholla, inaonekana laini kwa mbali kwa jinsi miiba yake ilivyojaa na kung'aa juani, na vipande vyake hukatika kirahisi mno. Mpwa wangu alipita karibu nayo, suruali ikaigusa tu, na kipande chenye ukubwa wa limau kikawa kimeng'ang'ania muundi wake.

"Shangazi, kitoe!"

"Usikiguse. Simama. Usitikise mguu."

Miiba ya cholla ina vijino vinavyoelekea nyuma, na ukishika kwa mkono, mkono nao unakamatwa. Unapitisha meno ya kichana kati ya kipande na ngozi, unakirusha mbali kwa mara moja, kwa nguvu, kuelekea pasipo na mtu. Kisha miiba iliyobaki unaing'oa mmoja mmoja kwa kibanio. Aliuma meno, machozi yakamtoka, dakika tano baadaye tukaendelea. Bila kichana tungerudi garini akichechemea. Nyoka wenye njuga mkiani nao wapo, hasa siku za joto. Usitie mkono wala mguu mahali usipopaona, na ukisikia sauti yao simama uangalie kwanza inatoka wapi.

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Makueni sikumpeleka Wasson, magoti yake hayataki. Nilimpeleka Valley View, njia fupi ya kama kilomita moja na robo kwenda na kurudi, inayoanzia kwenye barabara ya vumbi ya Bajada. Inapita kwenye vijito viwili vya mchanga kisha inatokea kwenye ukingo ambao mbele yake ni bonde lote na saguaro zisizo na idadi. Kwa mtu mzima asiye na nguvu nyingi, au mtoto wa shule, hakuna njia inayolipa vizuri kuliko hii kwa jasho kidogo hivyo.

Lakini Mama hakutazama bonde. Tulipotoka hifadhini tukasimama kando ya barabara kunywa maji, nami nikamwona ameinama ukingoni, amepitisha suke la nyasi katikati ya vidole, analivuta polepole mbegu zikimbakia kiganjani.

"Mama, umeona nini?"

"Hii si ndata kivumbu? Ni nani ameipanda huku?"

Alikuwa sahihi. Ni nyasi ileile aliyoipanda kwenye kipande chake cha shamba, anayokata na kufunga marobota ya kuuza wakati wa kiangazi, ile ambayo watafiti wa kituo cha kilimo cha Kiboko, kulekule Makueni, wamekuwa wakiwahimiza wakulima waipande ardhi iliyochakaa ifunikwe tena. Huku inaitwa buffelgrass. Waamerika waliileta karne iliyopita kwa ajili ya malisho na kuzuia mmomonyoko, na aina iliyoenea zaidi, iliyotawanywa kutoka Texas kuanzia miaka ya 1940, mbegu yake ilitoka Turkana. Ilistawi kupita kiasi.

Ubaya wake hapa ni moto. Jangwa hili lilikaa miaka yote bila kuungua sana kwa sababu kati ya mmea na mmea kuna udongo mtupu; radi ikipiga kichaka, kichaka kinaungua na moto unafia hapo. Nyasi hii hujaza nafasi hizo, hukauka, na moto ukishika hupita mlima mzima kwa joto kali. Baada ya mvua nyasi huchipuka upya kutoka mizizini. Saguaro haichipuki. Mti wa miaka 150 hufa kwa moto wa dakika chache, na mche wa kuurithi utahitaji karne nyingine.

"Kwa hiyo wanaing'oa?" Mama akauliza.

"Wanaing'oa, Mama. Kwa mikono na kwa mitaimbo, mizizi yote. Kwingine wanapuliza dawa ikiwa bado kijani."

Akanyamaza kidogo. "Kwetu mbegu yake tunanunua kwa kilo."

Wale wa Laikipia wataelewa haraka, maana kule mambo ni kinyume: mpungate, ambao kwao ni huku Amerika, umefunika malisho, mbuzi na ng'ombe wanajeruhiwa midomo na miiba ya matunda, na watu wamelazimika kuleta hata wadudu wa kuula. Mathenge nayo ilipandwa kwa nia njema. Siwezi kupita kwenye njia hizi nikaiangalia nyasi ya kwetu bila uchungu, na ndiyo maana nawaomba: kabla ya kuingia njiani na mkishatoka, kung'uteni viatu na mikunjo ya suruali. Mbegu zake zina manyoya, hushika kwenye soksi zikasafiri. Miezi ya baridi kuna vikundi vya wanaojitolea kung'oa; kituo cha wageni watakuelekeza. Kazi ni ngumu lakini mtu aliyewahi kulima ataiweza, na watu wetu wengi wamelima.

Njia nyingine nitazitaja kwa ufupi. Signal Hill ni kilima kidogo upande huohuo wa magharibi, hatua chache kutoka maegeshoni, na kileleni kuna michoro mingi ya Wahohokam, mmojawapo mviringo mkubwa unaoonekana kutoka chini. Nenda jioni jua likiwa linazama, mwanga wa ubavu huifanya michoro ionekane. Hugh Norris ni njia nyingine ya kufika Wasson, ndefu zaidi, inayofuata mgongo wa mlima. Mandhari yake yanaishinda King Canyon lakini kivuli ni kidogo hata zaidi. Upande wa mashariki kuna barabara ya lami ya kuzunguka, kilomita 13, nzuri kwa baiskeli, na njia ya Tanque Verde Ridge kwa wenye mapafu ya kweli.

Mbwa haruhusiwi kwenye njia za milimani, msimlete halafu mkamfungia garini. Mtandao wa simu hukatikakatika korongoni, kwa hiyo pakua ramani mapema na umwambie mtu saa utakayorudi.

King Canyon hadi Wasson naipa nyota tano kwa miezi ya baridi. Valley View tano pia, kwa kipimo chake. Barabara ya Bajada peke yake, bila kushuka, tatu, na mawe yake yatalitikisa gari lako kama ni dogo la chini. Na kama mna babu au bibi kwenye kiti cha magurudumu, msimwache nyumbani: karibu na Red Hills kuna njia ya Desert Discovery, ya sakafu ngumu, kama mita 800, yenye viti vya kupumzikia. Nendeni saa mbili asubuhi, mpeni kofia, na mwacheni azisogelee saguaro kwa mwendo wake.